Sadaka Isiyouliza Dini

Mwezi wa Ramadhani wa mwaka 2025 ulinikuta ugenini, katika nchi ya Ireland, nyumbani kwa binti yangu ambaye ni muuguzi katika mji mmoja mdogo wa magharibi ya nchi hiyo. Tulianza kufunga Jumamosi, tarehe 1 Machi. Jumatano iliyofuata, tarehe 5, majirani zetu Wakatoliki nao wakapakwa majivu kwenye vipaji vya nyuso, wakaingia katika mfungo wao wa Kwaresima. Basi mtaa mzima ukawa una mfungo, kila nyumba kwa utaratibu wake.

Siku hizo mjukuu wangu, mtoto wa miaka minane, alirudi kutoka shule na kisanduku cha karatasi ngumu mkononi. Shule nyingi za msingi za Ireland ziko chini ya Kanisa Katoliki, naye anasoma katika mojawapo. Kisanduku kilikuwa bapa. Akakikunjua, akakipinda pembe zake, kikasimama, nacho kina tundu la kutilia sarafu. Akakiweka mezani, kando ya sahani ya tende zilizokuwa zikingoja adhana ya magharibi.

"Babu," akaniambia, "hiki ni cha watu wa mbali wasio na chakula. Mwalimu amesema kila tunachojinyima tukitie humu."

Nilikitazama kisanduku kile kama mtu aonaye nge juu ya msala. Nikamwita binti yangu kando, nikamwambia, "Mwanangu, kitu hiki kimetoka Kanisani. Leo ni sarafu ya mtoto. Je, kesho kitatakwa nini?"

Binti yangu alinijibu kwa adabu, lakini alinijibu. "Baba, kisome kwanza kilivyoandikwa. Ukishakisoma, ukisema nikirudishe shule, nitakirudisha."

Basi nikakisoma. Nikauliza niliyoyauliza, nikaona niliyoyaona, na leo nataka kuyaweka mbele yako, msomaji wangu wa pwani, kwa sababu naamini yana funzo kwetu sisi tunaoswali. Najua wako watakaoniuliza kwa nini nawasifu watu wa msalaba katika ukurasa huu. Nawaomba wasubiri. Sikwenda kusifu, wala sikurudi na sifa tupu.

Shirika linalotoa visanduku vile huitwa Trócaire. Lilianzishwa mwaka 1973 na maaskofu Wakatoliki wa Ireland, na jina lake ni neno la Kiairishi ambalo maana yake ni rehema. Nilipoambiwa hivyo nilinyamaza kidogo, kwani sisi kila jambo letu la heri twalianza kwa kumtaja Mwenye kurehemu. Maaskofu walilipa shirika hilo kazi mbili. Ya kwanza ni kuwasaidia maskini wa nchi za mbali. Ya pili ni kuwaeleza Wairishi wenyewe kwa nini watu hao ni maskini, na ni dhuluma gani ya ulimwengu inayowaweka katika umaskini huo. Kazi hii ya pili ndiyo iliyonivutia zaidi, maana ni rahisi kumpa mwenye njaa mkate, lakini ni vigumu kujiuliza nani aliyeufunga mlango wa ghala.

Kila Kwaresima visanduku hivyo hugawiwa makanisani na mashuleni. Hukaa majumbani kwa siku 40 hivi, na baada ya Pasaka hurudishwa vikiwa na chochote kilichopatikana. Wala si Wairishi peke yao wenye desturi hii. Wajerumani wanalo shirika la Misereor tangu mwaka 1958, nalo hukusanya sadaka wakati uo huo wa Kwaresima. Na huko Marekani, mwaka 1975, Wakatoliki wa Allentown katika jimbo la Pennsylvania walianza kuweka bakuli la wali mezani kwa ajili ya watu waliopigwa na ukame katika nchi za Saheli. Bakuli hilo likaja kuenea katika makanisa ya nchi nzima.

Jambo la kuliangalia hapa ni vile mfungo na sadaka vilivyofungwa kamba moja. Jirani yetu mmoja, bibi mwalimu mstaafu anayeishi peke yake, aliniambia kuwa yeye katika Kwaresima huacha sukari na biskuti. Kila Jumamosi hupiga hesabu ya fedha ambazo angezitumia kwa vitu hivyo, akazitia sandukuni. "Nisipozitia humo," akasema, "nitakuwa sikufunga. Nitakuwa nimepunguza unene tu."

Nilicheka, lakini kicheko kile kilinirudi usiku nilipolala. Nilikumbuka Ramadhani zetu za Mombasa, Malindi na Lamu. Mwezi wa njaa kwetu umekuwa mwezi wa shibe. Sambusa, bajia, kaimati, viazi vya karai, mkate wa sinia, tambi, na juisi za rangi tatu: gharama za jiko la Ramadhani hupita za mwezi wowote mwingine wa mwaka, na mume wa nyumba hukopa ili watu wafuturu. Kile tulichojinyima mchana twakirejesha magharibi pamoja na riba yake. Sisemi hatutoi. Tunatoa, na tunatoa sana. Lakini ni wangapi kati yetu wanaotoa kile hasa walichojinyima?

Jumapili moja bibi yule alinialika nifike kwenye ukumbi wa parokia baada ya misa. Kanisani sikuingia, naye hakunitaka niingie. Ukumbini watu walikuwa wakinywa chai na kuuza keki, kila mama na keki aliyoipika kwake, na fedha zote zikienda katika mfuko wa watu wa mbali. Alipokumbuka kuwa nimefunga, uso ulimwiva kwa haya, akataka kuniondolea kikombe mbele yangu. Nikamwambia, "Mama, kiache. Kikombe hakifunguzi, hufunguza anayekinywa."

Nilikaa pale saa nzima nikitazama, kama nilivyozoea kukaa barazani. Ni jamii ya wazee. Vichwa vilikuwa vyeupe kama pamba, na vijana walihesabika kwa vidole. Juu ya kila kiti kulikuwa na karatasi moja iliyochapishwa pande mbili. Humo mlikuwa na majina ya waliofariki juma lile, wagonjwa wa kuombewa, saa za misa, na siku ya kwenda kuyasafisha makaburi. Chini kabisa paliandikwa sadaka ya Jumapili iliyopita, kiasi gani, mpaka yuro ya mwisho. Kila aliyetia sarafu Jumapili ile alijua, siku saba baadaye, sarafu yake imelala na wenzake wangapi.

Tena niliona kuwa mifuko yao ni miwili. Mmoja ni wa maskini wa karibu, na huo husimamiwa na chama cha Mtakatifu Vincent de Paul, chama kilichoanzishwa Paris mwaka 1833 na kijana Frédéric Ozanam pamoja na wenzake, kikaingia Ireland mwaka 1844. Wanachama wake huzuru nyumba za wenye shida, wawili wawili, kimya kimya, ili mtu asitangazwe kuwa ni maskini. Mfuko wa pili ndio huo wa watu wa mbali. Hakuna aliyesimama ukumbini akasema tuwaache wa mbali mpaka wa karibu wamalizike. Wangengoja hivyo, wa mbali wasingepata kitu hadi Kiyama, maana maskini wa karibu hawamaliziki.

Liko pia nililolikataa, nalo nitalisema wazi. Pale pale ukumbini walikuwa wakiuza tikiti za bahati nasibu: unanunua tikiti, namba yako ikitokea unapewa kikapu cha vyakula. Bibi yule akaniletea moja. Nikamweleza kuwa kwetu hiyo ni kamari, hata kama faida yake inakwenda kwa yatima. Akashangaa, kisha akasema hajawahi kuliona jambo hilo kwa jicho hilo. Basi hilo la wenzetu tuwaachie wenyewe. Mtu anayekwenda sokoni hanunui kila kinachouzwa.

Sasa nirudi kwenye nge wangu wa mezani, kwani hofu yangu haikuwa hofu ya mtoto mdogo. Pwani hii ina kumbukumbu ndefu. Mwaka 1822 huko Lyon, Ufaransa, binti mmoja aitwaye Pauline Jaricot aliwapanga watu, wengi wao wafanyakazi wa viwanda vya hariri, kumi kumi, kila mmoja atoe sarafu moja ndogo kwa juma. Mwaka 1843 Askofu Charles de Forbin-Janson akaanzisha chama cha watoto wa Ufaransa watoe sarafu zao kila mwezi kwa ajili ya watoto wa nchi za mbali. Fedha hizo zilikusudiwa kueneza dini. Mapadri wa Roho Mtakatifu walipofungua misheni yao Bagamoyo mwaka 1868, kazi yao moja kubwa ilikuwa kuwakomboa watoto watumwa na kuwalea katika Ukristo, na kazi za namna hiyo ndizo zilizokuwa zikitegemea sarafu za Ulaya. Wazee wetu waliposema kuwa mkate wa misheni una ndoana ndani yake, hawakuwa wakiota.

Lakini haki ina pande mbili, na anayeishika upande mmoja amedhulumu. Watoto wale wa Bagamoyo walikombolewa kutoka kwa nani? Waliowatoa bara wamefungwa minyororo, na waliowauza katika masoko ya pwani, wengi wao walikuwa watu wetu, wenye majina kama yangu na yako, wakiswali swala tano. Msomaji, linakuuma? Mimi linaniuma. Mtu hawezi kumlaumu jirani kwa kumbatiza mtoto aliyemnunua, akasahau kujiuliza nani aliyekuwa akimuuza.

Na wenyewe Wairishi hawakosi la kujutia. Wazee wao hukumbuka vile, walipokuwa shule, walivyotakiwa kutoa peni zao kwa ajili ya "vitoto vyeusi" vya Afrika. Sisi ndio tuliokuwa vitoto hivyo. Walitufundishwa kama viumbe vya kuhurumiwa, si kama watu wenye miji, mashairi na sheria. Hata leo, kwenye visanduku vya kisasa, huwekwa picha ya familia maskini ya nchi fulani. Nilimwuliza yule bibi, "Je, mtu wa Afrika akija na kamera kupiga picha jikoni mwako siku huna kitu, akaisambaza mashuleni, utaridhika?" Alikaa kimya muda mrefu. Kisha akasema, "Sitaridhika." Sikutaka kumshinda. Nilitaka tu ajue kwamba anayepokea naye ana uso.

Tena Kanisa lenyewe la nchi ile limepita katika fedheha kubwa. Mwaka 2009 zilitoka ripoti mbili za tume za serikali zilizoeleza jinsi watoto walivyodhulumiwa kwa miaka mingi katika nyumba za malezi na mikononi mwa mapadri, na jinsi wakubwa walivyoyafunika mambo hayo. Watu wengi waliacha kwenda misa, na ndiyo sababu ya ukumbi ule kujaa vichwa vyeupe tu. Hata hivyo nimeambiwa, na nimeona kwa macho yangu, kwamba kisanduku kimo hata katika nyumba za watu ambao Kanisani hawakanyagi tena. Walipoteza imani kwa wenye majoho, lakini hawakupoteza huruma kwa wenye njaa. Nadhani ni kwa sababu kisanduku kina hesabu, na penye hesabu pana imani.

Ipo siri nyingine ya ukarimu wa watu wale, na hii inatuhusu sisi Waislamu zaidi kuliko tunavyojua. Kuanzia mwaka 1845 viazi vya Ireland viliingiwa na ugonjwa vikaozea ardhini. Viazi ndivyo vilivyokuwa chakula cha maskini, na nchi ilikuwa chini ya Waingereza. Watu wapatao milioni moja walikufa kwa njaa na maradhi, na wengine zaidi ya milioni wakapanda majahazi kukimbilia ng'ambo, huku vyakula vingine vikiendelea kusafirishwa kutoka nchini kwenda kuuzwa. Mwaka 1847, katika shida hiyo, Sultani Abdulmejid wa Uturuki, aliyekuwa Khalifa wa Waislamu, alipeleka pauni 1,000 kuwasaidia. Husimuliwa kuwa alitaka kutoa 10,000, akashauriwa apunguze ili asimpite Malkia Victoria, ambaye alikuwa ametoa 2,000. Vyovyote ilivyokuwa, hizo 1,000 zilifika, na wakubwa wa Ireland wakamwandikia barua ya shukrani.

Mwaka huo huo Wachoctaw, watu wa asili wa Marekani ambao wenyewe walikuwa wamefukuzwa katika nchi yao miaka michache tu nyuma na kufiwa na watu wengi njiani, walichangishana dola 170 hivi wakawapelekea Wairishi. Sadaka hiyo haikusahauliwa. Mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipowapiga watu wa asili wa makabila ya Navajo na Hopi, maelfu ya Wairishi walichanga fedha wakawapelekea, wakisema kuwa wanalipa deni la Wachoctaw. Miaka 173 ilikuwa imepita.

Basi hebu tutafakari. Khalifa wa Kiislamu aliwapa Wakatoliki wenye njaa, wala hakuwataka watoe shahada kwanza. Leo je? Nenda mkoa wa Gedo, kusini ya Somalia, ng'ambo tu ya mpaka wetu wa Mandera. Tangu vita vya wenyewe kwa wenyewe vya mwanzo wa miaka ya 1990, shirika lile la visanduku limekuwa likisaidia hospitali na zahanati za mkoa huo. Wanaotibiwa ni Waislamu, na wauguzi ni Waislamu. Akina mama wa Luuq na Dolow wamejifungulia katika wodi zilizosaidiwa na peni za wazee waliojinyima sukari katika kijiji chenye mvua cha Ireland, nao wakawaadhinia watoto wao sikioni kama kawaida. Mwaka 1994 mashirika makubwa ya misaada, pamoja na umoja wa Caritas wa Wakatoliki wa dunia nzima ambao Trócaire imo ndani yake, yalikubaliana kanuni kwamba msaada usitumiwe kuwavuta watu katika dini au siasa. Naam, ziko ndoana bado ulimwenguni, na mwenye macho aendelee kutazama. Lakini si kila mkate una ndoana.

Nikiwa mtoto wa chuo, mwaka 1984, ukame uliipiga Kenya, na mahindi ya manjano yakaletwa kutoka ng'ambo, yale tuliyoyaita yanga. Karibu na kwetu yaligawiwa kwenye uwanja wa kanisa moja. Bibi yangu, Mungu amrehemu, alikataa katakata tusiende. Alisema, "Huo ni unga wa kubatiziwa." Tukalala na chai ya rangi. Jirani yetu alikwenda, akarudi na debe lake, akala yeye na wanawe, na Ijumaa nikamwona safu ya mbele msikitini kama siku zote, tena sauti yake ya "Amina" ilikuwa na nguvu kuliko zetu. Simlaumu bibi. Alikuwa akililinda alilokuwa nalo. Lakini swali ambalo hakuliuliza, nami nimechukua miaka 40 kuliuliza, ni hili: mbona uwanja ule haukuwa wa msikiti?

Hapo ndipo penye kiini cha maneno yangu. Dini yetu haina upungufu katika jambo hili. Upungufu ni wetu. Tazama zaka ya fitri. Kila mtu katika nyumba, mkubwa na mtoto mchanga, hutolewa pishi yake kabla ya swala ya Idi, na hata maskini mwenye chakula cha ziada ya siku ile hutoa. Ni utaratibu gani wa haba na haba ulio bora kuliko huo? Tazama wakfu: visima, mashamba na nyumba zilizowekwa na wazee wetu, wanaume kwa wanawake, ili manufaa yake yasikatike. Tazama Habib Swaleh wa Lamu, ambaye zaidi ya miaka 100 iliyopita aliwafungulia mlango wa elimu watu ambao wakubwa wa mji waliwadharau. Na katika fikihi tuliyosomeshwa chuoni, zaka ina watu wake wanane waliotajwa, lakini sadaka ya hiari mlango wake ni mpana, na hata asiyekuwa Mwislamu hupewa.

Lakini tunafanya nini leo? Kila Ramadhani tende hutujia kutoka nchi za Ghuba. Kila Idi ya kuchinja nyama hutujia kwa fedha za wafadhili wa ng'ambo. Twashukuru, na Mola awalipe. Ila watoto wetu wanakua wakijua foleni ya kupokea kuliko wanavyojua mlango wa kutoa. Mtoto wa Ireland, ambaye taifa lake lilikufa kwa njaa, ana umri wa miaka minane na tayari ni mtoaji. Mtoto wangu mimi, ambaye dini yake imemfundisha kuwa mkono wa juu una heri kuliko wa chini, anajua kukinga tu.

Na hesabu? Wacha niseme, nikichukiwa nichukiwe. Uko msikiti mmoja, sitautaja, ambao niliutilia fedha kwa miaka kadhaa kwa ajili ya kisima cha ndugu zetu wa bara. Siku nilipouliza kisima kiko wapi, niliambiwa kuwa anayeuliza sadaka yake amekosa ikhlasi. La hasha! Anayetoa hutoa kwa ajili ya Mungu, lakini anayepokea kwa niaba ya maskini amebeba amana, na amana huulizwa hapa na huulizwa huko. Wala sisemi kuwa fedha ziliibwa. Nasema kuwa hakuna aliyeweza kujua kama ziliibwa au hazikuibwa, na hilo peke yake ni ugonjwa.

Kwa hiyo naomba mambo matatu, wala si makubwa. La kwanza, kila msikiti uwe na mfuko mmoja ambao si wa msikiti wenyewe: si wa zulia, si wa feni, si wa mnara, bali wa watu tusiowajua, wa Turkana, wa Tana, wa Gaza, wa popote walipo wenye dhiki, tena bila kuwauliza wanaabudu nini. La pili, kila Ijumaa kibandikwe kikaratasi mlangoni: juma lililopita kimeingia hiki, kimetoka hiki, kimekwenda pale. Karatasi moja na gundi ya shilingi chache zitaurudishia msikiti imani ambayo hotuba 100 haziwezi kuirudisha. La tatu, sanduku lipewe mtoto wa chuo alibebe yeye. Mtoto aliyezoea kubeba sadaka ya wenzake hataona uzito kuitoa yake akiwa mkubwa.

Kuna wazee wenzangu waliosikia maneno haya barazani wakaniambia, "Bwana mshairi, hata sisi wenyewe ni maskini, nani atatupa sisi?" Niliwajibu kwa msemo walioniimbia wao wenyewe nilipokuwa mdogo: kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Wachoctaw walikuwa maskini kuliko sisi.

Niliporudi Mombasa nilichukua kopo tupu la maziwa, nikalitoboa tundu juu, nikaliweka barazani pangu. Wajukuu na watoto wa jirani wakaanza kulitilia shilingi walizokuwa wakinunulia barafu. Lilipojaa niliwaita, tukazimwaga juu ya mkeka tukazihesabu pamoja, nikawauliza wampe nani. Kabla ya wakubwa kufungua kinywa, mtoto mmoja wa kike akasema apewe mama muuza mchicha wa uchochoro wa pili, ambaye nyumba yake iliungua. Mama huyo ni Mgiriama, na kila Jumapili huenda kanisani. Mtoto hakulijua hilo, au alilijua na hakuona kuwa ni hoja. Nilimtazama nikakumbuka kisanduku cha mezani kule Ireland, nikatunga ubeti huu:

Sanduku silo la mbao, wala si la karatasi,
Sanduku ni moyo wao, watoao kwa wepesi,
Wasouliza wenzao, kabila wala nafasi,
Nasi tujifunze kwao, tutoe bila ukwasi.

Ama kile kisanduku cha mjukuu wangu, hakikurudishwa shule kitupu. Usiku wa mwisho kabla ya safari yangu, baada ya futari, nilikitilia yuro 20. Niliweka nia ya sadaka, si ya zaka. Sikumwambia mtu isipokuwa leo nakwambia wewe, msomaji, tena nakwambia ili uniulize: je, kwenu kopo liko wapi?